Klabu ya punguzo la ndege: ada itarudi?

Swali: Mimi na mama watoto tunasafiri Agosti kumtembelea binti yetu aliye nesi Denver, Marekani. Tukifika anataka twende naye Dallas kumwona kaka yake, pamoja na mjukuu wetu wa miaka 6. Ametuambia tujiunge na klabu ya shirika la ndege la Frontier iitwayo Discount Den, dola 59.99 kwa mwaka, eti kila tiketi itapungua kama dola 15. Je, hiyo pesa itarudi ama ni ya kuliwa tu? Kila mmoja wetu ajiunge? Na mbona huku Kisumu hatuna kitu kama hicho, na mimi naenda kliniki Nairobi kila baada ya miezi miwili? (Mwalimu mstaafu, Kisumu)

Jibu: Mwalimu, kabla ya hesabu niungame jambo moja. Mimi ni wakala wa tiketi hapa mjini, na bei za klabu hizi hupatikana kwenye tovuti ya shirika lenyewe. Mimi siziuzi na sipati kitu kwazo. Basi ukiniona nazikosoa, kumbuka na hilo.

Tuanze na hesabu ya binti. Mko wanne, kwenda na kurudi ni tiketi nane. Nane mara dola 15 ni dola 120. Toa ada ya 59.99, mnabaki na dola 60 na senti moja. Na hamhitaji kujiunga nyote. Mwanachama mmoja akibuki safari yenu pamoja na yake, punguzo huwafikia wote walio kwenye buking hiyo. Mwanachama huyo awe binti, si wewe wala mama, kwa sababu yeye ndiye atakayebaki huko miezi kumi na moja baada yenu kurudi nyumbani. Tena kwa mjukuu, Frontier kupitia klabu hiyo imekuwa ikiwaruhusu watoto wa hadi miaka 14 kusafiri bila nauli na mtu mzima mwanachama, kwa siku na safari ilizozichagua yenyewe. Aisome hiyo sehemu polepole, maana siku zenyewe hazifuati kalenda ya likizo za wauguzi. Na aangalie kama kuna ada ya kujiandikisha juu ya ile 59.99. Kuna wakati wanachama wapya walikuwa wakidaiwa dola 40 zaidi.

Kwa karatasi, basi, inalipa. Sasa njoo tuitazame hiyo dola 15.

Ukifungua tovuti unaona bei mbili zimepangwa moja juu ya nyingine: ya mwanachama na ya mtu wa kawaida. Jicho linakimbilia tofauti kati ya hizo mbili, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ni kama mama wa mitumba pale Kibuye akikwambia shati ni 800 lakini kwako wewe 500. Mia tatu umeiokoa, sawa, ila hujauliza kibanda cha pili wanauza ngapi. Bei ya kulinganisha nayo ni ya shirika jingine, kwa siku ileile, na begi likiwa ndani.

Begi ndilo lenye kesi. Frontier ni shirika la nauli ya chini. Tiketi yake ya msingi inakupa kiti na mkoba mdogo wa kusukuma chini ya kiti cha mbele, usiozidi inchi 14 kwa 18 kwa 8. Lile begi la magurudumu unaloweka kabatini juu ya kichwa unalilipia, na getini pana kisanduku cha kupimia. Lisipoingia, unalipa papo hapo na kwa bei ya juu kuliko ungelipia mapema. Mashirika mengine yanayoruka kati ya Denver na Dallas si hivyo. American Airlines, ambao Dallas ndiko kwao, wanakuruhusu begi la juu hata kwenye tiketi ya bei ya chini kabisa. Southwest nao, ambao makao yao yako Dallas penye uwanja wa Love Field, begi la juu ni bure, ingawa tangu Mei 2025 yale ya kupakiwa chini wameanza kuyatoza wateja wengi.

Tuseme, kwa mfano tu, Frontier inamwuzia mwanachama kwa dola 49 na asiye mwanachama kwa 64. Begi la juu likiwa dola 50, mwanachama anaondoka na 99. Jirani yake kwa American amelipa 85 na begi lake liko juu, na hakulipia klabu yoyote. Namba hizi nimezitunga nikuonyeshe njia. Mwambie binti akae jioni moja na simu, afungue tovuti tatu kwa tarehe zenu zenyewe, aweke mabegi mtakayobeba kweli, aende mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa, kisha aandike jumla. Mkiwa watu wa kwenda siku mbili na mkoba wa mgongoni kila mmoja, Frontier na klabu yake inaweza kuwashinda wote. Lakini nakufahamu wewe na mama: hamwendi kwa kijana wenu na mikono mitupu.

Ukiniuliza mimi, swali la klabu ni moja tu: binti huenda Dallas kwa kaka yake mara ngapi kwa mwaka, kwa shirika hilo? Kama ni mara tatu nne na mtoto mkononi, ajiunge, na ninyi mpande juu ya uanachama wake. Kama ni hii safari moja ya Agosti, dola 60 za karatasi zinaliwa na begi moja la kwenda na kurudi.

Sababu inayonifanya niwe mgumu ni kisa cha Ulaya. Machi 2025 Ryanair walianzisha klabu waliyoiita Prime, euro 79 kwa mwaka: kiti cha kuchagua bure, bima ya safari na nauli za punguzo za kila mwezi. Watu 55,000 walijiunga. Kufika Novemba mwaka huohuo shirika likaifunga, likisema limekusanya ada ya euro milioni 4.4 na kutoa mapunguzo ya zaidi ya milioni 6. Hebu isome tena kama mwalimu wa hesabu. Klabu iliyowanufaisha wanachama wake haikumaliza mwaka. Zinazoendelea kuishi miaka nenda rudi, ujue kuna mahali wengi wanalipa kuliko wanavyopata, na nadhani wengi hao ni wale wanaojiunga kwa ajili ya safari moja.

Pia uanachama ni wa shirika, na shirika linaweza kuyumba. Spirit, mwenzake Frontier aliyekuwa na klabu ya dola 69.95, aliomba ulinzi wa kufilisika Novemba 2024, akaomba tena Agosti 2025, na katikati ya hayo alipunguza njia. Mwanachama ambaye njia yake imefutwa anabaki na kadi tu. Ada za namna hii kwa kawaida hazirudishwi.

Halafu kuna kujirudia. Mimi mwenyewe, nikiwa na haraka ya safari moja ya ng'ambo, nilijiunga na klabu ya shirika moja ambalo sitalitaja. Nikapata punguzo langu, nikafurahi, nikasahau. Mwaka mmoja baadaye ada ikakatwa tena kwenye kadi saa tisa usiku, nikiwa kitandani na sina mpango wa kwenda popote. Niliandika barua pepe, wakanijibu kwa adabu kwamba nilikubali masharti. Kwa hiyo binti akijiunga, siku hiyohiyo aingie kwenye akaunti na kuzima malipo ya kujirudia, na aweke kikumbusho kwenye simu mwezi mmoja kabla ya tarehe. Ukilipa wewe kutoka huku kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay, dola 59.99 kwa kiwango cha shilingi 129 ni kama 7,740, lakini kiwango utakachokatwa huwa juu kidogo ya hicho cha kwenye habari.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na ndilo linalonitia wasiwasi kuliko dola 15. Watu wakishajiunga na klabu huanza kutafuta pa kuitumia. Nisije nikasikia umenunua Nairobi hadi New York kwa Kenya Airways, ambao wamekuwa wakiruka moja kwa moja hadi JFK tangu Oktoba 2018, kisha New York hadi Denver ukakata pembeni kwa tiketi ya klabu ili kuokoa kidogo. Usifanye hivyo. Mkiwa na tiketi moja kutoka Kisumu hadi Denver, ndege ya kwanza ikichelewa ni kazi ya shirika kuwatafutia nyingine. Mkiwa na tiketi mbili zisizojuana, ile ya pili inaondoka bila ninyi na pesa yake imekwenda. Mizigo nayo: hata kwenye tiketi moja mtaichukua New York mpite nayo forodhani, lakini mtaikabidhi tena palepale bila kulipa upya. Kwenye tiketi ya pembeni mtaivuta mpaka kaunta nyingine, pengine uwanja mwingine kabisa, na kuilipia kila begi. Kwa watu wazima wawili waliotoka kukaa angani zaidi ya saa kumi na tatu, hiyo si akiba.

Kuhusu Kisumu: ukiona programu ya Kenya Airways iitwayo Asante Rewards, hiyo ni ya kukusanya pointi na kujiunga ni bure, kwa hiyo jiunge tu. Klabu ya ada, kwa maoni yangu, haina nafasi kubwa kwenye njia fupi kama yetu, ambapo ndege inashindana na basi la usiku. Wewe una kitu bora kuliko klabu: unazijua tarehe zako za kliniki miezi miwili mbele. Daktari akiandika tarehe kwenye kadi, kata tiketi wiki hiyohiyo, na kama ana nafasi katikati ya wiki mwombe hiyo badala ya Jumatatu. Desemba watu wote wanakuja huku na Januari wanarudi. Ukienda Nairobi siku ambazo wengine wanatoka, nauli inakuwa na huruma.

Ila kwa Jambojet angalia mizani. Tiketi yao ya chini ni begi la mkononi la kilo 7, basi. Juzi nilimwona mzee pale uwanjani Kisumu amebeba katoni ya samaki iliyofungwa kwa kamba ya manila, mizani ikasoma kilo 11, na mbele ya foleni nzima akaanza kufungua katoni kutafuta ngege wa kumpa mjukuu aliyemsindikiza. Pima nyumbani, Mwalimu, na begi la kupakia ulilipie siku unayokata tiketi.