Tangazo Linaposema Kweli na Bado Likakuumiza Mfuko

Matangazo mengi hayasemi uongo. Husema kweli, kisha hunyamaza pale hesabu inapoanza kuuma. Uliza basi ni nini hakikutajwa.

Chukua simu za kulipa kidogo kidogo. Bangoni utaona "1,500 tu kwa siku", na chini, kwa maandishi ya sisimizi, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, kisha ongeza kianzio. Kwa kianzio cha 50,000 na siku 365, utatoa 597,500. Sasa ulizia bei taslimu ya simu hiyohiyo, yenye memori ileile. Ikiwa ni 350,000, mkopo wenyewe umekugharimu 247,500. Watu hukosea kwa kupima ile 1,500 na nauli ya daladala. Pima jumla kwa jumla. Uliza pia simu itafungwa baada ya siku ngapi bila malipo, na kama kianzio hurudishwa ukishindwa kuendelea. Majibu yawe kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haitakusaidia.

Mikopo ya mtandaoni ina mtego mwingine. "Riba 12%" ni ya muda gani? Ikiwa ni ya siku 30, kwa mwaka wa siku 365 ni 146%, hata kabla ya riba juu ya riba. Tena, riba hiyo ikikatwa mapema kwenye mkopo wa 100,000, unapokea 88,000 na kurudisha 100,000: hapo umelipa karibu 13.6% ya fedha uliyoshika mkononi. Kabla ya kuomba, tafuta jina la mkopeshaji kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu ya nchi yako.

Dukani, mafuta ya alizeti "yasiyo na kolesteroli" hayana sifa ya pekee, maana kolesteroli ya chakula hutoka kwa wanyama. Geuza chupa ya juisi usome viungo, ambavyo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Maji na sukari vikitangulia embe, unanunua maji matamu.

Na "punguzo hadi 50%" hutimia hata bidhaa moja tu ikishuka kiasi hicho. Piga picha bei ya unachokitaka wiki chache kabla ya msimu wa sikukuu, na uzito wake pia: pakiti hupunguzwa gramu, bei ikabaki palepale.