Feni ya umeme kwenye boneti finyu: pima puli kabla hujafungua pochi

Msomaji wa Arusha ametuandikia wiki hii. Ana Suzuki Samurai, ile SJ413, iliyotolewa injini yake ya 1,300 ikawekwa G16 ya Vitara. Feni ya asili, ile inayozungushwa na puli ya injini, haikupata pa kuingia, kwa hiyo fundi akapachika feni ya umeme ya inchi 12, "nyembamba kabisa", katikati ya rejeta. Barabara kuu gari iko sawa. Kwenye foleni mshale wa joto unapanda mpaka anazima injini. Swali lake ni moja: anunue ya inchi 14?

Jibu fupi ni hapana, asinunue bado. Na kwa kuwa swali hili linarudi kila mara likiwa na gari tofauti, leo tulimalize.

Kwanza tuhakikishe kosa ni la feni. Gari inayochemsha foleni na kupoa ikikimbia inakosa upepo, hiyo ndiyo kazi ya feni. Gari iliyo sawa foleni lakini inachemsha mlimani au ikiwa na mzigo ina shida nyingine: rejeta imeziba ndani, wota pampu imechoka, temostati (mlango wa maji unaofunguka kwa joto) haifunguki yote, au mfuniko wa rejeta haushiki presha. Ukishapita kilomita 50 hadi 60 kwa saa, upepo wa mwendo peke yake unatosha, na feni iwake isiwake ni sawasawa. Wengi wananunua feni mbili na tatu wakati rejeta imejaa kutu. Ya ndugu yetu wa Arusha ni ya feni kweli.

Sasa hilo neno "nyembamba". Feni za umeme za dukani zipo za namna mbili kwa unene. Zile nyembamba huwa milimita 50 hadi 65, na zile za nguvu huwa 85 hadi 95 au zaidi kidogo. Ila unene huo ni wa sehemu moja tu, mgongoni kwa mota. Pete ya nje na mapanga ni vyembamba zaidi, mara nyingi milimita 40 hivi. Kwa hiyo mwenye boneti finyu asiulize "nina nafasi kiasi gani?" kana kwamba nafasi ni ukuta ulionyooka. Aulize nafasi iko wapi. Kinachobana karibu kila mara ni pua ya puli ya wota pampu. Ukisogea sentimita kumi pembeni yake unakuta uwazi mkubwa ambao hakuna aliyeupima.

Upimaji wenyewe hauhitaji chombo cha maana. Kata boksi gumu saizi ya uso wa rejeta, uso wenyewe wa vibati vyembamba vinavyopitisha upepo, bila tangi la juu na la chini, kisha ulilaze pale rejeta inapokaa. Chukua kijiti cha mshikaki. Kiegemeze kwenye pua ya puli, kikiwa kimenyooka kuelekea kwenye boksi, toboa kidogo, weka alama ya kalamu kwenye kijiti, pima, na uandike namba hiyo palepale kwenye tundu. Rudia kila sentimita tano: mbele ya puli ya krenki, altaneta, mpira wa juu wa rejeta, bomba la eksozi kama linapita karibu. Dakika ishirini baadaye unayo ramani ya namba, na utashangaa zinavyopishana. Kila namba ipunguze milimita 25. Injini inacheza: ukifunga breki kwa nguvu inakuja mbele, na mauntingi, yaani raba zinazoishikilia, zikiwa zimechoka inakuja zaidi. Anayeacha milimita tano atakuta mota ya feni imekwanguliwa na puli, au vibaya zaidi, rejeta imetobolewa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme uso wa rejeta ni sentimita 50 kwa 38, yaani sentimita za mraba 1,900. Puli iko katikati kwa upana, na senta yake iko sentimita 10 kutoka chini. Kati ya puli na rejeta kuna milimita 90, pembeni kuna 150. Ukitoa zile 25, mbele ya puli unabaki na 65 za kutumia na pembeni 125.

Feni nyembamba ya inchi 12 yenye unene wa milimita 60 inaingia katikati kabisa, ikilazwa moja kwa moja juu ya vibati. Hapo ndipo fundi anaposema "imekaa kama ilizaliwa nayo". Lakini imekula nafasi yote, kava, yaani bati la kufunika uso wa rejeta ili feni ivute upepo kote, halipati pa kukaa, na feni isiyo na kava inavuta upepo pale tu ilipolala. Duara la inchi 12 lina sentimita za mraba 730 hivi. Gawa kwa 1,900: asilimia 38. Zaidi ya nusu ya rejeta iko pale kama pambo.

Sasa chukua feni ya inchi 12 ileile kwa upana, ila ya nguvu, yenye mgongo wa milimita 95, uisukume juu kwenye kona. Fremu yake ina upana wa sentimita 32 hivi, kwa hiyo senta ya mota inakaa sentimita 16 kutoka ukingo wa pembeni na 16 kutoka ukingo wa juu. Ukipima, mota imeiepuka senta ya puli kwa sentimita 15. Puli ya kipenyo cha sentimita 13 na mota ya kipenyo cha 10 zinapishana zikiacha sentimita tatu na nusu. Kinachobaki mbele ya puli ni pete tu, milimita 40, na ukiongeza kava la kina cha milimita 20 unafika 60. Umeingia. Upande wa mota, 20 na 95 ni 115, nako umeingia. Feni nene imekaa pale ambapo nyembamba ilishindwa kukaa na kava, na sasa rejeta yote inafanya kazi.

Hiyo inchi 14 anayoitamani msomaji wetu? Duara lake lina sentimita za mraba 993, asilimia 52 ya uso huu. Bila kava nusu nyingine bado imelala. Na fremu yake ya sentimita 38 inajaza kimo chote cha rejeta, haina tena pa kusogea ili kuikwepa puli.

Kuna wanaopendelea feni mbili ndogo, moja kila upande wa puli. Si wazo baya. Mbili za inchi 9 zina jumla ya sentimita za mraba 820, na moja ikifa unafika nyumbani na nyingine. Ila mota mbili dhaifu hazifanyi mota moja yenye nguvu, na za inchi 9 nyingi zina mota kama za kuchezea. Ukipata pacha zilizotolewa kwenye Toyota zikiwa na kava lake, hapo ni habari nyingine: mota za kiwandani ni imara, na mifumo mingi ya Toyota ya feni mbili huziunganisha kwa kufuatana zinapozunguka taratibu na kila moja kwa njia yake zinapotakiwa kasi. Chukua pamoja na kava, kisha kata kava lilingane na rejeta yako. Usiwaachie wakakuuzia mota na mapanga tu.

Kuhusu kava: bati la alumini la milimita 1.5 linatosha. Lifunike uso wote, likae angalau milimita 20 kutoka kwenye vibati ili upepo wa kona ile ya mbali upate njia ya kufika kwenye mapanga, na kingo zizibwe kwa mpira wa sponji. Likibana sana vibati, pembe hazipati upepo na umerudi palepale. Wenye kwenda safari ndefu wakate matundu mawili upande usio na feni na kuyafunika kwa vipande vya mpira vinavyofunguka kuelekea injini. Kwenye foleni feni inavivuta vinafunga, kwenye mwendo upepo unavisukuma vinafunguka.

Kuna fundi atakayekwambia, "Nyuma hakuna nafasi, tuweke mbele isukume." Inawezekana, lakini iwe njia ya mwisho. Feni ya mbele inauzibia rejeta upepo wa mwendo, na kama kuna kondensa ya AC inabidi isukume upepo kupitia vitu viwili. Mapanga nayo yametengenezwa kwa upande mmoja. Kugeuza waya za feni ya kuvuta ili isukume kunafanya mapanga yakate hewa kwa mgongo: inazunguka, inapiga kelele, upepo haupo. Kama mapanga yanachomoka, yageuze pamoja na waya. Kama hayachomoki, nunua ya kusukuma.

Na tafadhali, zile kamba za plastiki zinazopitishwa katikati ya vibati zitupwe. Feni inatikisika, kamba inasaga mirija ya rejeta, na baada ya miezi unatafuta uvujaji usiouona. Funga kava kwenye fremu ya rejeta kwa boliti za M6 na vishikio vya bati.

Dukani usikubali kuuziwa inchi wala wati, uliza ampea. Wati 80 zilizoandikwa kwenye boksi ni kama ampea sita tu kwenye gari inayowaka. Feni ya inchi 12 yenye kazi hula ampea 10 hadi 15, ya inchi 16 ya nguvu huvuka 20. Ishike mkononi pia, mota nzuri ni nzito. Namba ya upepo iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa hewani bila rejeta mbele yake, hivyo itashuka. Kwa injini ya silinda nne lenga kuanzia futi za ujazo 1,250 kwa dakika, karibu mita za ujazo 2,100 kwa saa.

Kabla ya kufunga hesabu, itazame altaneta. Magari haya ya zamani mara nyingi yana altaneta ya ampea 50 hivi, na kwenye sailensa, injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, haitoi hata zote. Taa kubwa ampea 10, feni 12, mfumo wa kuwasha injini 5, kipepeo cha ndani kasi ya mwisho 10. Jumlisha mwenyewe, kisha ujue kwa nini betri inalala usiku wa foleni.

Waya ndipo feni nzuri nyingi zinapouawa. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 4 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 30 iliyokaa karibu na betri, kisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya ampea 40, kisha mota. Mota inapoanza huvuta mara mbili hadi tatu ya kiwango chake, kwa hiyo fyuzi ya 15 kwenye feni ya ampea 12 itakuwa inakatika bila sababu. Hasi nayo iwe nene vilevile, ifike kwenye bodi palipokwanguliwa rangi au irudi betri. Waya wa milimita za mraba 1 wenye urefu wa mita tatu, kwa ampea 15, hupoteza karibu volti 0.8 kwenda peke yake. Ukirudi na hasi ya namna hiyo, umemnyima mota zaidi ya volti moja na nusu, na upepo umepungua nao.

Swichi ya joto ilingane na temostati. Kama temostati inaanza kufunguka nyuzi 82, feni iwake kwenye 92 hadi 95 na kuzima kwenye 87 hivi, ikiwa swichi iko upande wa maji yanayotoka kwenye injini. Swichi ikiwa chini ya rejeta, ambako maji yameshapoa, chagua ya nyuzi za chini zaidi. Anayeweka feni iwake kwenye 80 ataisikia ikizunguka siku nzima mpaka mota ife. Samurai ikienda porini, ongeza swichi ya kuzima feni kabla ya kuingia mtoni, kwa sababu mapanga yakipiga maji yanapinda na kuchapa vibati. Weka na taa nyekundu ya kukumbusha, maana watu huzima na kusahau.

Jambo moja la mwisho kwenye gari iliyotolewa feni ya puli. Kwenye injini nyingi njugu nne zilizoshika klachi ya feni ndizo hizohizo zilizoshika puli ya wota pampu. Ukitoa feni lazima njugu zirudi na kukazwa, na studi zisiwe ndefu kuelekea rejeta. Zikate, kila milimita ina thamani pale.

Ukimaliza, washa injini, subiri feni iwake, kisha chukua karatasi ya daftari na uiweke mbele ya rejeta. Inapaswa kunata yenyewe. Ihamishe kwenye pembe zote nne. Pembe inayoiangusha ndiyo pembe ambayo kava limevuja au limebana. Pima na volti kwenye plagi ya mota yenyewe feni ikizunguka: ikiwa imepungua kwa chini ya nusu volti ukilinganisha na ile ya betri, funga boneti.