Saini isiyo na shahidi: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora kuhusu vitabu vya katuni

SWALI: Ndugu mhariri, kwenye rundo la vitabu vya mitumba nimepata katuni ya Marekani, pini zake mbili zipo na rangi bado inang'aa. Aliyeichora yuko hai na anatia saini kwa malipo. Nataka aitie saini, kisha ipangiwe daraja la ubora na kufungwa kwenye lile kasha gumu la plastiki. Nianze na kipi?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Tafuta shahidi kwanza. CGC, kampuni ya Sarasota, Florida, inayopanga madaraja ya katuni tangu 2000, haipokei saini kwa neno la mwenye kitabu. Mtu waliyemwidhinisha lazima awepo kalamu inapogusa jalada, na tangu hapo kitabu kinabaki mikononi mwake mpaka kifike kwa wakadiriaji. Hurudishiwi hata dakika tano ukipige picha. Kikipita kwako kwanza, ushahidi umeharibika, na kujitetea kwa picha uliyopiga na mchoraji hakusaidii.

Rangi ya lebo juu ya kasha ndiyo inayowaambia wanunuzi haya yote. Njano: saini imeshuhudiwa, na jina la mtiaji saini na tarehe vimeandikwa. Buluu: kitabu cha kawaida kisicho na mushkeli. Zambarau: kimefanyiwa marekebisho, kama kupakwa rangi palipochubuka au kukatwa kingo. Kijani: kuna kasoro iliyotajwa pembeni, na hapo ndipo saini nyingi zisizo na shahidi huishia. Au saini hiyo inahesabiwa kama maandishi tu juu ya jalada, na daraja linashuka.

Kwa aliye Kigoma, maana yake ni kupitia kwa mwakilishi aliyeidhinishwa. Wawakilishi hawa hutangaza majina ya wachoraji watakaokutana nao na tarehe ya mwisho ya kupokea vitabu. Unajaza fomu: jina la kitabu, namba ya toleo, mwaka, nani atie saini, wapi, kwa kalamu ya rangi gani, na kama kitabu kinyooshwe kwa mashine. Kama unataka kinyooshwe, kinyooshwe kabla ya saini, maana joto la mashine linaweza kuusumbua wino wa rangi nzito.

Usiseme tu "popote panapofaa". Kitabu huwekwa ndani ya mfuko wenye kidirisha kilichokatwa, na mchoraji anaandika ndani ya kidirisha hicho tu. Chagua sehemu yenye rangi moja, mbali na uso wa mhusika na mbali na mgongo. Jalada jeusi linataka kalamu ya rangi ya fedha, dhahabu au nyeupe. Jalada jepesi linatosheka na makapeni nyeusi au ya buluu. Kalamu ya wino wa kawaida iepuke kwenye karatasi inayong'aa: wino haushiki, ila ncha inaacha mfereji usiotoka. Usikubali pia kutiwa saini kurasa za ndani kwa makapeni, kwa sababu karatasi ile ya gazeti inanyonya na wino unatokea upande wa pili. Na kama una mpango wa kuuza, omba saini tupu. "Kwa rafiki yangu Juma" inampendeza Juma peke yake.

Sasa kaa na kitabu chako usiku mmoja. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu usawa wa jalada uimulike kutoka pembeni. Angalia mgongo, pale pini zilipo. Utaona vistari vifupi vya kukatiza. Kistari ambacho rangi yake haijakatika, yaani ni mkunjo tu, mashine inaweza kukilaza. Kistari cheupe, ambapo wino umepasuka na karatasi inachungulia, hakiondoki, na kila kimoja kinakula daraja. Kipimo ni kuanzia 0.5 hadi 10.0, na wanunuzi wa vitabu vipya wanagombania 9.8. Vistari vyeupe vitano au sita vinakutoa kabisa kwenye mashindano hayo.

Kisha fanya hesabu: posta ya kwenda, malipo ya mchoraji, ya mwakilishi, ya daraja, ya kunyoosha, posta ya kurudi, bima, forodha. Linganisha jumla na bei ambayo kitabu hichohicho, chenye daraja unalolitegemea, kimeshauzwa kweli. Bei iliyotangazwa na muuzaji usiihesabu, kwani kutangaza hakumgharimu mtu. Kwa vitabu vingi vya mitumba hesabu haifiki.

SWALI: Marehemu babu alituachia albamu ya katuni ya Kifaransa iitwayo "Tintin au Congo" (Tintin nchini Kongo), ilivuka ziwa kutoka Bujumbura ikashukia Kibirizi. Ndani imeandikwa 1946. Kuna bwana anasema ni toleo la kwanza na anataka kuinunua. Mwingine anasema tuitume Ubelgiji itiwe saini kwanza. Tufuate la nani?
Familia moja, Ujiji

JIBU: Msifuate la yeyote. Hergé, mchoraji wa Tintin, alifariki tarehe 3 Machi 1983. Atakayewaletea saini yake mpya anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kuhusu mwaka: 1946 ni mwaka wa haki ya kunakili ya toleo la rangi, na mchapishaji aliendelea kuuweka kwenye vitabu vilivyochapwa miongo mingi baadaye. (Toleo la kwanza kabisa, la rangi nyeusi na nyeupe, lilikuwa la 1931.) Geuzeni albamu. Jalada la nyuma likiwa na orodha ya albamu nyingine, tafuteni zilizotoka mwisho. Mkikuta "Tintin au Tibet", albamu hiyo haikuchapwa kabla ya 1960. Mkikuta Vol 714 pour Sydney, si kabla ya 1968. Mkikuta Tintin et les Picaros, ni 1976 au baadaye, na hapo yule bwana mwulizeni taratibu alihesabu vipi.

Msifikirie kasha la CGC kwa kitu hiki. Kasha lile limetengenezwa kwa vitabu laini vyembamba, na albamu ya jalada gumu ya karibu sentimita 22 kwa 30 si mwenzao. Wakusanyaji wa Kifaransa na Kibelgiji wanaangalia kwa macho yao: mgongo, pembe, kurasa zote kuwepo, jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu ukurasa wa mbele. Jina la babu yenu likiwepo, msilifute. Ufutio unakwangua karatasi, na doa la kufuta linaonekana kuliko jina.

SWALI: Naweza kunyoosha jalada kwa pasi, nikiweka kitambaa juu? Na pale palipochanika nimebandika soletepu.
Kijana wa Kasulu

JIBU: Hapana. Pasi ya nyumbani, iwe ya mkaa au ya umeme, haina kipimo cha joto unachoweza kukiamini, na kitambaa kinaacha alama ya nyuzi zake kwenye jalada linalong'aa. Wino unalegea na kushika ukurasa wa jirani, pini zinajichora kwenye kurasa za katikati, karatasi inakunjamana ikipoa. Wanaonyoosha kwa kazi hutumia mashine bapa yenye joto la kupimwa, unyevu kidogo, na muda mrefu wa kupoa chini ya uzito.

Soletepu uliyokwisha kubandika iache. Gundi yake inageuka njano na kuingia kwenye karatasi, ni kweli, lakini ukiivuta inaondoka na rangi. Usibandike nyingine, na usipake kalamu ya rangi palipochubuka: hapo umejinunulia lebo ya zambarau kwa mkono wako.

SWALI: Kitabu changu kimeshakubaliwa na mwakilishi Marekani. Nakifungaje ili kisifike kimekunjwa, na posta niseme nini?
Msomaji wa Gungu

JIBU: Katuni ya Marekani ni karibu sentimita 17 kwa 26. Itie kwenye mfuko wa plastiki ya polipropilini, ile inayokwaruza ukiiminya. Plastiki laini yenye harufu na mafuta mafuta ni PVC, inashika wino. Nyuma yake weka karatasi ngumu isiyo na asidi. Boksi la viatu lina asidi.

Kata vipande viwili vya katoni ya mawimbi, 20 kwa 29, na uhakikishe mawimbi ya kipande kimoja yanakwenda wima na ya kingine yanalala. Yakielekea upande mmoja, katoni zote mbili zitakunjika kwenye mstari uleule, na kitabu nacho. Weka kitabu katikati, funga katoni kwa katoni kwa utepe wa karatasi, na utepe usiguse mfuko. Wengi hukosea hapa: anayefungua anavuta utepe, utepe unashika mdomo wa mfuko, na pembe ya jalada inakwenda nao. Viringisha yote kwenye nailoni, kwa sababu masika hayasubiri kifurushi kiingie ndani. Kisha boksi lenye nafasi ya sentimita 5 kila upande, iliyojazwa karatasi za kufinyanga. Ukilitikisa na kusikia kitu kinacheza, fungua uanze upya.

Kwenye fomu ya forodha andika wazi, kwa Kiingereza, kwamba ni kitabu cha katuni kilichotumika, kinakwenda kutiwa saini na kupangiwa daraja, na kitarudi kwa mwenyewe. Thamani iwe ya kweli: ukiandika ndogo kukwepa ushuru, bima nayo italipa hiyo ndogo. Tangu 29 Agosti 2025 Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800, kwa hiyo uliza kaunta utaratibu wa siku hiyo kabla hujaziba boksi. Piga picha jalada mbele na nyuma, tunza nakala ya fomu na risiti; kitabu kikirudi, ndizo zinazoonyesha kwamba ni mali yako iliyotoka hapa na kwamba hukuinunua huko.

Na usiweke bahasha ya kurudishia yenye stempu za Tanzania. Posta ya Marekani haizitambui. Lipia kurudi kwa mwakilishi moja kwa moja, au tumia ndugu aliyeko huko. Ndugu anayesafiri kwa ndege na kukibeba mkononi anashinda vyote hivi.

SWALI: Mchora katuni wa hapa nyumbani alinitilia saini kwenye gazeti lake la katuni, mbele ya macho yangu. Je, haina thamani kwa kuwa hapakuwa na shahidi?
Msomaji, Tabora

JIBU: Kwako na kwa wanaomfahamu ina thamani yote. Kwa lebo ya njano, haina. Kampuni ya CBCS, nyingine ya Marekani inayopanga madaraja ya katuni, ina njia ya kulinganisha saini iliyokwisha kutiwa na mifano mingine ya mtu huyohuyo, lakini kazi hiyo inategemea mifano ipatikane, na ya mchoraji wa nyumbani itakuwa michache. Andika kwenye karatasi ya pembeni tarehe, mahali na tukio, uiweke nyuma ya karatasi ngumu, isiguse gazeti. Acha wino ukauke kabisa kabla ya kutia mfukoni. Wino wa rangi ya fedha unaoonekana mkavu bado unaweza kubandukia plastiki. Halafu weka kabatini juu, si kwenye boksi lililo sakafuni. Mchwa wa Tabora mnawajua.