Pu'er iliyokaa: uliza ghala kabla ya kuuliza umri

Anayeanza kunywa Pu'er, chai ya Kichina inayozeeshwa, karibu kila mara huuliza: hii ina miaka mingapi? Aulize kwanza ilikaa wapi. Chukua maduara mawili ya chai iliyoshindiliwa, ya kiwanda kimoja, mwaka mmoja, mchanganyiko mmoja wa majani. Moja likae Hong Kong, jingine Kunming, kila moja kwa miaka 15. La Hong Kong litatoa chai nyekundu, laini, yenye harufu ya mbao za zamani na kafuri. La Kunming litakuwa bado na rangi ya asali, uchungu wake uko wazi na harufu ya maua haijaondoka yote. Hong Kong kuna joto na unyevu, Kunming ni nyanda za juu zenye hewa kavu.

Pu'er ni chai ya Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa Uchina ambako ndiko Kunming, itokanayo na mchai wa majani mapana, jamaa ya ule unaolimwa Kericho na Mufindi. Tofauti iko kwenye utengenezaji. Chai yetu ya kawaida hubadilishwa na hewa kwa saa chache, ikakaushwa kwa moto, kazi ikaisha. Majani ya Pu'er hukaangwa kidogo tu, husokotwa, huanikwa juani, kisha hulainishwa kwa mvuke na kushindiliwa kuwa duara bapa, tofali au kibakuli. Baada ya hapo hewa, kuvu na bakteria huendelea kuyabadilisha polepole. Hiyo ndiyo Pu'er mbichi, sheng (si ile ya Nairobi), na ndiyo inayohitaji miaka. Pu'er mbivu, shou, ni njia ya mkato iliyoanzia Kunming mwaka 1973: majani hurundikwa, hulowanishwa, hufunikwa na kugeuzwa kila baada ya siku kadhaa. Ndani ya lundo joto hufika nyuzi 50 hadi 65, na baada ya siku 45 hadi 60 hivi jani limeshageuka kahawia iliyokolea. Usidanganyike kwamba mbivu ni mbichi iliyozeeshwa haraka. Zinakaribiana rangi, lakini mbivu haipati ule uchungu unaogeuka utamu kooni, na mbichi nzee haiwi nzito mdomoni kiasi hicho.

Anza na mbivu ya miaka mitatu hadi mitano. Ikiwa mpya sana bado inanuka lundo: shombo ya samaki, tope la bwawa, wakati mwingine zizi. Huo si uharibifu. Hupungua kwa mwaka mmoja hadi mitatu ya kukaa penye hewa. Kisha nunua sampuli za gramu 25, si duara zima la gramu 357: mbichi changa, mbichi ya miaka 15 au zaidi iliyokaa Guangdong au Hong Kong, na nyingine ya umri huohuo iliyokaa Kunming. Zinywe siku moja, kwa kipimo kimoja.

Maandishi ya karatasi inayofunga duara huwapoteza wengi. Nambari 7542 haimaanishi chai ya mwaka 1975. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka mchanganyiko ulipobuniwa, ya tatu ni daraja la wastani la majani, ya mwisho ni kiwanda. 2 ni kiwanda cha Menghai. Mchanganyiko huo umeendelea kutengenezwa miaka nenda miaka rudi. Mwaka wa duara lako utauona kwenye nambari ya toleo: 901, kwa mfano, ni toleo la kwanza la 2009. Na karatasi hughushiwa. Duara la miaka ya 1980 kwa bei ya chai ya kila siku ni uongo, basi.

Kubandua vipande kutoka kwenye duara kuna namna yake. Usigonge kwa nyundo wala kuvunja kwa mikono. Tumia kisu chembamba kisicho na makali au sindano nene, kiingize ubavuni kufuata matabaka ya majani, inua kidogo kidogo, ncha ikielekea mbali na mkono ulioshika duara. Majani yakikatikakatika hutoa chai kali yenye vumbi, nawe utailaumu chai bure. Vipande viache kwenye mtungi wa udongo usio na harufu, mdomo umefunikwa kitambaa, wiki mbili hadi nne. Chai iliyobanwa kwa miaka huhitaji hewa. Ukiinywa siku ileile iliyofika kwa posta, mara nyingi utaikuta imepooza.

Kipimo ni gramu 7 kwa gaiwani, yaani kikombe chenye kifuniko, cha mililita 100 hadi 120. Pima kwa mizani ndogo. Kijiko hakifai, maana kipande kilichoshindiliwa na majani yaliyoachana havilingani uzito. Maji yawe yanatokota. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na Kunming hali ni hiyohiyo, kwa hiyo usihangaike. Kinachoharibu ni birika lililoachwa likapoa. Maji ya kisima yenye chumvi huifunika harufu yote, afadhali ya chupa yenye madini kidogo.

Mimina, hesabu sekunde 5 hadi 10, mwaga. Hayo ni ya kuosha. Kwa mbivu osha mara mbili. Maji ya kwanza ya kunywa yakae sekunde 10, ya pili na ya tatu vivyo hivyo, kuanzia ya nne ongeza sekunde 5, halafu 10, halafu 20. Chai nzuri huvumilia maji mara 10 au zaidi. Kila mara mimina hadi tone la mwisho, kwa sababu kinachobaki chini huendelea kukamua majani na kikombe kinachofuata hutoka kichungu. Huna gaiwani? Gramu 3 kwa kikombe cha mililita 250, dakika 3 au 4. Mbivu hata kwenye chupa ya chai inakubali: gramu 4 kwa nusu lita, uiache saa mbili. Mbichi changa usiifanyie hivyo, itakuwa nyongo.

Sasa ladha yenyewe. Usianze na kikombe, anza na kifuniko. Kinuse kikiwa moto, kisha kinuse tena kikipoa: kwenye moto unapata jani, kwenye ubaridi ghala linajitokeza. Mbivu njema ina mbao, kunazi zilizokauka, kakao, sukari guru na udongo baada ya mvua. Mdomoni ni nzito na haina ukakasi. Mbichi nzee ina kafuri, udi, ngozi, matunda makavu, pengine dawa za mitishamba. Uchungu wake huingia mapema ukaondoka, na nusu dakika baadaye utamu unapanda wenyewe kooni. Wachina huuita huigan, na ndicho kitu cha kutafuta kuliko harufu yoyote. Uchungu usioondoka ni kasoro ya majani, au umezidisha gramu. Ukakasi unaobana ulimi na mashavu kwenye chai inayodaiwa kuwa na miaka 20 maana yake ilikaa pakavu mno, au umri umetiwa chumvi.

Msomaji wa pwani ana bahati hapa, kwa kuwa kafuri, udi na popoo pua yake inavijua tangu utotoni. Popoo ndiyo harufu inayosifiwa kwenye Liu Bao, chai iliyochachushwa ya Wuzhou, Guangxi, inayozeeshwa vikapuni na iliyonywewa sana na Wachina waliochimba bati Malaysia. Mwenye kupenda mbivu aijaribu mapema. Kwa pesa ileile huwa safi zaidi.

Mgeni hukwama zaidi kwenye kutofautisha uzee na uvundo. Harufu ya vitabu vya zamani au stoo iliyofungwa si kosa, mradi inapungua. Maji ya tatu au ya nne yakiwa bado yananuka stoo ileile, ghala lilishinda jani. Ikikwaruza koo, ikaacha ulimi mkavu na hisia ya vumbi puani, imwage. Wapo wauzaji watakaokuambia hiyo ndiyo ladha ya umri na pua yako bado haijazoea. Amini pua.

Ukimaliza kunywa, tandaza majani sahanini. Ya mbivu yawe kahawia iliyokolea na yanyumbuke kidogo. Yakiwa meusi, magumu, yasiyofunguka hata baada ya maji mengi, lundo lilipata joto kupita kiasi. Chai yake ina rangi nzito na ndani hamna kitu. Ya mbichi nzee yawe kahawia yenye ukijani kwa mbali, na yakunjuke kwa vidole.

Kutunza nyumbani ni suala la unyevu. Lenga asilimia 60 hadi 70, joto la nyuzi 20 hadi 30, giza, mbali na jiko, sabuni na karafuu, kwa kuwa majani hunyonya harufu yoyote. Jokofu hapana. Mbichi na mbivu zisilale sanduku moja. Mahali pakavu, Dodoma kwa mfano, chai haiharibiki ila inasimama palepale. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar shida ni kinyume: kipimo cha unyevu hupita asilimia 75 kirahisi, na penye hewa isiyotembea ukungu hauchelewi. Huko weka duara kwenye mfuko unaofungika pamoja na vifuko vya kudhibiti unyevu vya asilimia 62 au 65, na msimu wa masika kagua kila wiki.

Tofali la Fu, chai nyingine ya Uchina kutoka Hunan, lina vijidoa vya dhahabu, kuvu iitwayo Eurotium cristatum iliyooteshwa makusudi. Ukilivunja utavikuta vimesambaa ndani kote. Pu'er kwa kawaida haina vya hivyo. Ukiona manyoya ya kijani, manjano au meusi juu ya duara, tupa lote, maana brashi huondoa kile tu unachokiona.