Mwanangu anabeti kwa siri

SWALI: Assalamu alaykum. Mwanangu wa kiume ana miaka 16 na anasoma kidato cha tatu. Msimu uliopita alichuma karafuu, na fedha aliyolipwa ikamalizika bila ya mimi kuona alichonunua. Nimekuja kugundua kuwa anabeti mpira kwa laini ya simu ya mjomba wake. Nikimkanya, hunijibu kwamba jana ilibaki timu moja tu. Nifanye nini? — Mama, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mama. Hiyo “timu moja tu” ndiyo inayomrudisha, pengine kuliko hata tamaa ya fedha. Mkeka ni orodha ya mechi anazozibetia kwa pamoja, na timu moja tu ikiharibu, mkeka wote umepotea. Tukichukulia kwamba katika mkeka wa mechi nane kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu, mkeka huo hutarajiwa kushinda mara 1 katika 256, ilhali kuharibika kwa timu moja hutarajiwa mara 8 katika hizo hizo 256. Kila unapoharibika namna hiyo, kijana huona amekaribia kushinda, na kumbe hajakaribia popote. Kaa naye muifanye hesabu hiyo kwenye daftari, kwani kwa kidato chake anaiweza.

Kwamba kamari ni haramu, hilo analijua. Aya ya 90 ya Suratul Maida bila shaka ameshaisikia chuoni, na ndiyo maana anajificha. Ukali peke yake utamzidishia siri. Watafiti wanaonesha kwamba walio hatarini zaidi ni wavulana, hasa walioanza wadogo, wenye marafiki au jamaa wanaocheza, na wale wenye huzuni au haraka ya mambo. Kushinda fedha nyingi mwanzoni nako humnasa mtu. Wala si utovu wa adabu tu: mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kamari iliyopindukia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Mimi ningeanza kwa mjomba. Sheria ya Tanzania Bara, ambako kampuni nyingi za kubeti zimesajiliwa, inamkataza aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo laini hiyo ndiyo mlango anaopitia. Mwambie aifunge akaunti, wala asimpe tena simu. Kisha muulize mwanao, kwa upole na mkiwa wawili tu, kama anadaiwa na wenzake. Likiwapo deni, lipangeni pamoja alilipe mwenyewe kidogo kidogo. Ukiona anauza vitu vya nyumbani, halali usiku au amekata tamaa ya maisha, mpeleke hospitali bila kuchelewa na umueleze daktari kila kitu.