Kalamu na Uzi: Bibi anajibu barua za waandishi waliokwama

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Makorora, nauza katika duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Naandika hadithi fupi tangu nilipomaliza kidato cha nne. Tatizo langu ni mzuka. Hadithi ikinijia naandika siku tatu mfululizo, hata kula nasahau. Siku ya nne nikifungua daftari naona takataka, mzuka umekata, naiacha. Juzi nimehesabu: nimeanza hadithi 11, nimemaliza 2. Ya mwisho inamhusu fundi baiskeli anayeletewa baiskeli aitengeneze, akaitambua kengele yake kuwa ni ya kaka yake aliyepotea miaka mingi. Nimefika ukurasa wa nne, nimekwama. Katika kikundi chetu cha simu kuna mwenzangu anatoa hadithi kila Ijumaa. Na moja ya zile mbili nilizomaliza niliipeleka kwa gazeti moja, miezi mitano sasa, kimya. Bibi, niambie ukweli bila kunionea haya: sina kipaji?
*Msomaji, Makorora, Tanga*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kwenye cherehani na mara ya pili usiku, na kilichonibaki kichwani ni ile kengele. Baiskeli inaweza kupakwa rangi upya, ikatiwa tairi mpya na tandiko jipya, mwizi mwenyewe akaisahau, lakini kengele ikaachwa kwa kuwa bado inalia. Mtu asiye na jicho hangeiona kengele. Kwa hiyo swali la kipaji tuliweke kando, nafasi ya ukurasa huu ni ndogo.

Tuzungumze kuhusu siku ya nne.

Siku tatu za mwanzo uliandika unachokijua. Makorora unaijua, fundi baiskeli unamjua, nina hakika umeweka mti wa mkungu, beseni la maji la kutafutia pancha, na mikono yenye grisi. Kisha fundi akaitambua kengele, na hapo ukafika mahali usipopajua: sasa anafanya nini? Ukafunga daftari ukasema mzuka umekata. Mimi nasema ulifika mwisho wa unayoyajua, na mwili ukachoka kwa sababu hiyo. Hilo nimejifunza kwa taabu. Nikikwama, wa kwanza kumshuku ni moyo wangu, na mara nyingi moyo hauna neno. Kosa liko ukurasani.

Nikupe mfano wangu. Nilikuwa na hadithi ya mzee mmoja anayenunua mikate miwili ya ajemi kila Ijumaa, ilhali anaishi peke yake. Niliianza mwaka 1991. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa alfajiri tupu: adhana, bahari, kisiwa cha Toten kikijitokeza polepole ndani ya ukungu. Nilizipenda kurasa zile. Na kila nilipofika mwisho wake nilisimama, nikarudi mwanzo, nikaandika alfajiri nyingine nzuri kuliko ile. Miaka mitatu! Watu wakiniuliza nawaambia hamu imenitoka.

Siku moja akaja mteja na gauni nililomshonea mwenyewe. Mkono wa kulia unamvuta kila akiinua kikombe. Nikaufumua ule mkono, nikaushona upya, ukavuta. Nikaufumua tena, nikaupunguza, ukavuta. Mara ya tatu nikalitandaza gauni zima juu ya meza, nikapitisha futi kila mahali, ndipo nikaona kwamba mkono haukuwa na kosa lolote. Bega ndilo nililolikata vibaya, limeingia ndani nusu inchi. Muda wote nilikuwa nafumua mahali pasipo na kosa.

Usiku ule baada ya isha nikaitoa hadithi ya mzee kwenye mtoto wa meza. Nikajiuliza jambo ambalo kwa miaka mitatu sikujiuliza: mkate wa pili ni wa nani? Sikujua. Mimi niliyemtunga yule mzee, nikamvisha kanzu na kumpa bakora, sikujua mkate anampelekea nani. Alfajiri zangu zote zilikuwa za kujificha, nisiulizwe. Nilipopata jibu, bahari na ukungu nikaviondoa, na hadithi ikaanza hivi:

"Mzee alinunua mikate miwili, na muuzaji hakumuuliza wa pili ni wa nani, kwa kuwa alikwisha kumuuliza siku moja."

Niliimaliza kwa siku nne, kurasa nane. Ilipotoka gazetini nikalipwa, nikanunua mkasi wa kukatia vitambaa, ule ule ninaoutumia mpaka leo.

Sasa rudi kwa fundi wako. Usijiulize una nini wewe, muulize yeye anataka nini. Anamtaka kaka yake? Anataka kujua tu kama yu hai? Au anaitaka kengele, na kaka alishamsamehe kitambo? Kila jibu ni hadithi yake. Halafu, nani aliyeileta baiskeli? Hukuniambia, na nahisi hata wewe hujaamua. Ingekuwa yangu ningemtuma mtoto. Mtoto aje na noti mkononi aseme, "Baba kasema aikute tayari jioni," aondoke. Basi fundi ana mchana mmoja wa kufikiri, na wewe una kamba ya kushika, maana jioni lazima ifike. Usichukue la kwangu lakini. Kaa na swali hata wiki nzima ukiwa dukani unapima misumari, ila usiliache bila kulijibu.

Na kitu kingine kuhusu zile siku tatu za moto. Unaandika mpaka unakauka. Sisi mafundi hatukati uzi hadi kwenye jicho la sindano, tunaacha mkia, la sivyo ukikanyaga cherehani kesho uzi unachomoka. Acha kuandika ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Iache nusu kabisa, kesho uikute inakusubiri. Nilipoanza kufanya hivi nilidhani ni ujinga, nitasahau. Sijawahi kusahau hata moja.

Zipo siku nyingine, sikatai, ambazo hadithi haina kosa na mwandishi kachoka tu. Hizo usizipige vita. Ndugu zetu wanaovua dagaa kwa taa hawatoki mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu mbalamwezi inazishinda taa zao na dagaa hawakusanyiki. Pita Sahare siku hizo, utawakuta chini ya miti, nyavu mapajani, wanashona matundu. Hakuna anayewaambia wamesahau kuvua. Mimi siku zangu za mbalamwezi natoa hadithi ya zamani naisoma kwa sauti, mlango nimefunga. Ulimi ukijikwaa napiga mstari. Siandiki kipya chochote. Baada ya siku kadhaa giza linarudi lenyewe.

Mwenzako wa kila Ijumaa mwache na Ijumaa zake. Hujui anaandika kwa saa ngapi, hujui mangapi anayatupa. Msome, mpongeze, na ukiona kazi yake inakuumiza badala ya kukufurahisha, nyamazisha kikundi mwezi mmoja. Si dhambi.

Kimya cha gazeti nakijua, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 1988 nilipeleka hadithi kwa posta, nakala pekee niliyokuwa nayo, kwa ofisi moja ambayo sitaitaja. Nikangoja. Mwisho nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikaambiwa haionekani. Mwaka mmoja na nusu sikuandika, nikiamini ile iliyopotea ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Uchungu ule naukumbuka mpaka leo, na ninaukumbuka kwa sababu niliupa mwaka mmoja na nusu wa bure. Kwa hiyo: weka nakala. Miezi mitano inatosha, waandikie barua fupi ya adabu kuwauliza. Mwezi mwingine ukipita bila jibu, waarifu kwamba unaiondoa, kisha ipeleke kwingine. Na hadithi ikishatoka mkononi mwako, anza nyingine siku hiyo hiyo, hata kama ni sentensi mbili, ili usikae mlangoni kungojea tarishi.

Huwa namfikiria Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, si mbali na ulipo, mwaka 1909. Ukubwa wake wote tunaousifu, na kazi ya kumlisha kwa miaka mingi ilikuwa ukarani wa serikali, forodhani na kwingineko. Alifariki 1962, na baadhi ya vitabu vyake vilichapwa baada ya hapo, vingine 1967 na 1968. Namwona akiketi jioni, forodha imefungwa, anaandika bila kujua kipi kitachapwa na lini. Alikuwa karani mwenye wino kidoleni, kama wewe mwenye vumbi la saruji.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina watoto watatu, wa mwisho ananyonya. Zamani niliandika sana. Sasa nikipata nusu saa nalala. Nikisoma hadithi za wengine machozi yananitoka. Nisaidie nisife moyo.
*Mama, Pangani*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lala. Nusu saa hiyo ni ya usingizi, na sitakuambia uamke saa kumi alfajiri kama wanavyoshauri watu ambao hawajanyonyesha.

Mume wangu alipofariki nilikaa miaka sita bila kuandika hadithi. Nilikuwa na cherehani, ada za shule na usiku mrefu. Kilichonirudisha ni daftari la vipimo. Mteja akisimama nimpime, husema neno. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ananipa mgongo na mimi nina futi mdomoni siwezi kumjibu. Nikaanza kuandika neno lile mbele ya vipimo vyake. Bado ninalo daftari. Nanakili mstari mmoja kama ulivyo: "Bega 15, kifua 38, kiuno 30. *Banabana kidogo, nataka aone alichokiacha.*" Na mwingine: "Urefu 54. *Yule mtoto aliniuliza kama mimi ndiye mama yake, nikasema ndiyo.*"

Mwaka mzima nilifanya hivyo tu. Sikujiita mwandishi. Ulipokwisha nilikuwa na mistari zaidi ya mia, na huo wa pili ukawa hadithi yangu ya kwanza baada ya ile miaka sita.

Wewe una kadi ya kliniki ya mtoto, una simu, una ukingo wa kalenda ukutani. Neno moja kwa siku ulilolisikia foleni ya maji, kivukoni, au kinywani mwa mwanao mkubwa. Liandike kama lilivyosemwa, usilipambe. Na yale machozi yako unaposoma, mimi nayasoma vizuri: mtu aliyeacha kabisa halii.

SWALI: Bibi, mimi ni mwalimu huku Lushoto. Nikisikia tuzo imetangazwa napata nguvu naandika usiku kucha, matokeo yakitoka nashuka chini miezi. Je, nikome kuandikia tuzo?
*Mwalimu, Lushoto*

JIBU: Usikome, mwalimu. Tarehe ya mwisho inasaidia, nami gauni la Idi najua kulimaliza usiku mmoja. Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023. Ipo pia ile ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Soma masharti ya mwaka husika kwa makini kabla hujaanza, kwa kuwa si kila kundi linapokea hadithi fupi.

Ila badili jambo moja. Unaandika kwa ajili ya tangazo, kwa hiyo matokeo yakitoka huna pa kurudi. Uwe na hadithi ya pili mezani, isiyo ya tuzo yoyote, uliyoiacha katikati kwa makusudi wiki ya mwisho. Matokeo yakitangazwa, mazuri au mabaya, jioni hiyo rudi kwenye ile. Na uwasomee wanafunzi wako kazi iliyoshindwa. Watoto hawadanganyi, watakuonyesha walipochoka kwa kuanza kuchezea kalamu.

Barua nyingine nitazijibu mwezi ujao. Wewe wa Makorora, fundi wako nimebaki naye, jana nimempita mmoja barabara ya 12 nikajikuta nazitazama kengele zake. Ukishajua aliyeileta ile baiskeli ni nani, niandikie, hata kama hadithi haijaisha.