Funga laini kabla ya kununua kava

Ndugu zangu wakinunua simu huniletea niiandae. Dada, shemeji, hata majirani wamezoea hivyo. Karibu kila mmoja huja ameshaivalisha kava na protekta, lakini laini iliyo ndani iko wazi kabisa. Hilo linanisumbua sana, kwa sababu siku hizi hela zetu, salamu zetu na jina letu zuri vyote vinapita kwenye laini.

Kibaka akikukwapulia simu kwenye dirisha la daladala, hahangaiki na alama yako ya kidole. Anachomoa laini, anaichomeka kwenye simu nyingine, na kuanzia hapo meseji zako anasoma yeye. WhatsApp ikituma tarakimu sita za uthibitisho, zinamfikia yeye. Jioni hiyohiyo mama yako anapata ujumbe kwa namba anayoijua: nimekwama hospitali, nitumie elfu hamsini. Mama atatuma. Jirani yangu mmoja aliibiwa hivyo, na kilichomliza si simu. Ni shangazi yake, aliyetuma hela ya ada ya mjukuu.

Kinga yake ni bure. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya usalama, utafute pa kufunga SIM kadi kwa PIN. Simu itakuuliza PIN ya awali ya laini. Mara nyingi imeandikwa kwenye kile kiplastiki ulichobandulia laini, na kama ulishakitupa, waulize huduma kwa wateja. Usibahatishe hata kidogo, maana ukikosea mara tatu laini inajifunga na itadai PUK, namba ya tarakimu nane ya kuifungulia. PUK nayo ukiikosea mara kumi, laini imekufa. Ukishafunga, weka PIN yako mwenyewe, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala ile unayotolea hela. Tangu hapo, laini ikihamishiwa simu nyingine itadai PIN kwanza. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, yaani PIN ya pili inayoulizwa baada ya zile tarakimu sita.

Nikimaliza hapo nabonyeza *#06#. Zinatokea namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15 kila moja, na simu ya laini mbili huwa nazo mbili. Ziandike kwenye daftari la nyumbani, kwa kalamu. Ukizihifadhi ndani ya simu zitaondoka nayo. Kwa sisi wa Tanzania, bonyeza pia *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" usizifute tu, ziripoti kwenda 15040.

Kuhusu chaji na maji nitasema kwa kifupi. Betri inaharibiwa na joto, kwa hiyo usichaji simu chini ya mto wala kuiacha juani mbele ya gari. Ikilowa, izime na usiichomeke chaji. Habari ya kuifukia kwenye mchele iache. Ipeleke kwa fundi mapema, hasa kama ni maji ya bahari, maana chumvi inakula vyuma vya ndani haraka. Kwa fundi, toa laini na memori kadi kabla hujamkabidhi.

Simu ikiibwa, usianze kumfukuza mwizi. Azima simu ya mtu mwenye laini ya mtandao wako, piga 100 ya huduma kwa wateja, omba laini ifungwe pamoja na akaunti ya hela. Watumie ndugu ujumbe kwamba namba yako iko mikononi mwa mwizi. Polisi nenda baadaye na zile IMEI, halafu dukani ukarudishe namba kwa alama ya kidole. Dakika za kwanza ni za laini.